Majina Yasiyoonekana Kitabuni

Somo: Ezra 2:59–63



Pale Majengo, mtu akifariki, kilio hakijapoa watu huanza kuulizana: atazikwa wapi? Huyu atapelekwa Taita, yule Rabai, mwingine Nyanza. Kijana mmoja, Mkristo mwenzetu, alifiwa na babu yake. Majirani wakamwuliza kwa wema tu, "Kwenu hasa ni wapi?" Akakosa la kujibu. Babu alizikwa hapa hapa Mombasa, na baada ya matanga kijana akaanza kuutafuta ukoo wake.

Alitazama kwanza hesabu za watu. Serikali ya kikoloni ilihesabu Wazungu na Wahindi mwaka 1911, 1921, 1926 na 1931. Waafrika wa nchi nzima ya Kenya walihesabiwa mara ya kwanza mwaka 1948, tena ripoti zake hutoa idadi ya watu, si majina yao.

Ndipo akavuka Daraja la Nyali, akaenda Frere Town. Kijiji hiki kilianzishwa na wamisionari wa C.M.S. mwaka 1875, kiwe makao ya watumwa waliokombolewa baharini na manowari za Waingereza. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine. Waliwahudumia pia Waafrika wenzao waliopata kuwa watumwa na kusomeshwa India, kama William Jones na Ishmael Semler, ambao Askofu Hannington aliwafanya mashemasi mwaka 1885. Na huko Rabai, tarehe 1 Januari 1889, watumwa waliotoroka na kukimbilia misheni walipewa hati za uhuru, baada ya mabwana zao kulipwa fidia.

Kijana alionyeshwa kitabu cha zamani cha ubatizo. Akaliona jina la babu wa babu yake: jina la Kizungu, na tarehe. Mahali pa jina la baba palikuwa patupu. Mtoto yule aliibwa angali mdogo, asiweze kumtaja baba yake.

Akaenda makaburini. Kaburi la Rosina, mke wa Krapf, aliyefariki mwaka 1844, lajulikana hata leo. Lakini la babu yake hakuliona. Si kila aliyezikwa aliwekewa jiwe. Kijana akarudi Majengo amevunjika moyo.

Ndugu zangu, Ezra anatuambia habari ya watu kama hawa. Waisraeli walipotoka Babeli, watu 652 hawakuweza kuonyesha nyumba za baba zao. Walitafuta kitabuni, wasijione. Wana wa makuhani miongoni mwa wengine wa namna hiyo walizuiwa katika ukuhani, nao bila shaka waliumia. Lakini angalieni: Ezra hakuwafuta. Aliwaandika vile vile, katika orodha ile ile ya waliorudi nyumbani. Hawakuwa na ukoo wa kuonyesha, lakini safarini walikuwamo.

Mwizi wa watu aliweza kulifuta jina la baba katika kumbukumbu ya mtoto. Hakuweza kulifuta mbele za Mungu aliyemwumba. Bwana Yesu aliwaambia wanafunzi wake wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Kitabu kile hakiliwi na mchwa, wala hakina mahali patupu.

Basi, wewe uliye na wazee, kaa nao leo, uwaulize majina, uyaandike. Nanyi wazee wa kanisa, tunzeni vitabu vya ubatizo na vya mazishi. Ni mali ya watoto ambao hawajazaliwa. Na jirani akisema hana kwao, usimcheke. Mkaribishe kwako.

Tuombe. Ee Mungu Baba, unayewajua walio wako, wakumbuke wazee wetu tusiowajua kwa majina, utukutanishe nao nyumbani mwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.