Mkaa, Rilei na Voliumu: Historia ya Kudhibiti Sauti Kando ya Sebeya

Mto Sebeya, ambao hupita katika eneo la Mahoko, kituo cha soko cha sekta ya Kanama wilayani Rubavu, kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Kivu, umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu mwaka 1957, ulipojengwa mtambo mdogo wa Gisenyi wenye uwezo wa megawati 1.2, na mwaka 1984 ukaongezwa ule wa Gihira. Hata hivyo, kwa kaya nyingi za vilimani umeme wa waya uliendelea kuwa jambo la mjini kwa miongo kadhaa, na sauti ya redio iliingia majumbani kabla ya balbu, ikibebwa na betri kavu. Kwa sababu hiyo historia ya kifaa kidogo kinachoitwa voliumu, yaani kile kinachoamua sauti itoke kwa nguvu kiasi gani, katika eneo hili haianzi na amplifaya za kumbi wala za makanisa, bali na redio ya betri na kifundo chake kimoja cha kuzungusha.

Redio za aina hiyo zilikuwa na historia fupi lakini yenye kasi. Mwaka 1949 huko Lusaka ilianza kuuzwa redio ya betri ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa ajili ya Waafrika, ambayo umbo lake la sufuria ndilo lililoipa jina. Ilitumia bado taa za vioo. Transista, kipande kidogo kinachokuza mkondo wa umeme bila taa hizo, ilibuniwa Marekani mwaka 1947, na kufikia miaka ya 1960 ilikuwa imeifanya redio kuwa chombo cha kubebwa mkononi. Rwanda ilipata redio yake ya taifa mwaka 1961. Deutsche Welle ilianza matangazo yake ya Kiswahili mwaka 1963, na miaka miwili baadaye ikafungua Kigali kituo cha kupokeza, yaani kituo kinachopokea matangazo kutoka mbali na kuyarusha upya kwa nguvu mpya, kilichofanya kazi hadi mwaka 2015. Katika redio nyingi za wakati huo kifundo kilekile kiliwasha chombo na kupandisha sauti: kwanza ulisikika mlio wa swichi, kisha sauti ikakua kadiri kidole kilivyozungusha.

Ndani ya kifundo hicho mlikuwa na potenshiomita, kifaa alichokieleza Mjerumani Johann Christian Poggendorff mwaka 1841 kwa ajili ya kupima volti, bila kufikiria muziki. Ile ya redio ni ukanda wa mkaa uliokunjwa kama kwato ya farasi, ambao juu yake hutambaa ulimi wa chuma; ulimi ukisogea, sehemu ya mkondo unaobeba sauti inayopita huongezeka au hupungua. Ugumu ni kwamba sikio halihesabu kama rula. Gustav Fechner, aliyechapisha mwaka 1860 kitabu chake juu ya uhusiano wa hisia na nguvu inayoziamsha, alionyesha kuwa hisia hukua kwa hatua sawa pale nguvu inapozidishwa, si inapojumlishwa, na kwa hiyo ukanda wa mkaa hauna budi kutengenezwa kwa ukinzani usiolingana kutoka mwanzo hadi mwisho. Viwanda vya bei rahisi viliiga mpindo huo kwa vipande viwili au vitatu tu vya mkaa, jambo linalofanya spika ya kushoto na ya kulia zitofautiane, hasa sauti inapokuwa chini. Zaidi ya hapo ulimi hukwaruza mkaa kila unapopita, vumbi huingia, na mwishowe redio hutoa ile mikwaruzo ambayo kila fundi wa redio wa Maziwa Makuu anaijua, na ambayo huitibu kwa tone la spiriti, akijua vizuri kwamba ugonjwa utarudi.

Dawa ya kudumu ilitoka mahali pengine kabisa. Rilei ni swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa sumaku badala ya kidole: waya uliozungushwa juu ya kipande cha chuma hupewa umeme kidogo, chuma hugeuka sumaku, nayo huvuta ulimi unaogusanisha ncha mbili za njia nyingine ya umeme. Mmarekani Joseph Henry aliitumia kanuni hiyo mwaka 1835, na Samuel Morse akaifanya mhimili wa telegrafu yake, kwa kuwa mkondo uliochoka baada ya safari ndefu uliweza kufunga rilei, nayo ikaanzisha mkondo mpya wenye nguvu kwa safari inayofuata. Jina lenyewe lilitokana na desturi ya wasafiri wa Ulaya ya kubadilisha farasi njiani, na Kiswahili kina neno linalolingana nalo barabara, kupokezana, ambalo wanariadha hulitumia kwa mbio za vijiti. Waya za telegrafu zilifika pia ukanda huu: ile ambayo Cecil Rhodes aliota iunganishe Cape Town na Cairo ilifika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ikaishia hapo.

Baada ya telegrafu, rilei ilihamia kwenye simu. Almon Strowger alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila mhudumu mwaka 1891, na mitambo iliyofuata ilijaza vyumba vizima kwa rilei zinazogongagonga usiku na mchana. Katika kampuni hizohizo za simu kilizaliwa kipimo cha desibeli: wahandisi wa kampuni ya Bell, waliohitaji kueleza ni kiasi gani cha sauti kinapotea katika maili za waya, walikubaliana juu ya kipimo cha uwiano mwaka 1924, na mwaka 1928 wakakipa jina la Alexander Graham Bell. Kwa hiyo rilei na desibeli zililelewa nyumba moja, na ajabu si kwamba wajenzi wa vyombo vya muziki walikuja kuzioanisha, bali kwamba walichukua muda mrefu hivyo.

Ndoa hiyo hufungwa katika priamplifaya, yaani kikuza sauti cha awali ambacho hupokea mawimbi dhaifu ya redio, simu au kicheza CD na kuyaandaa kabla hayajaingia katika amplifaya kubwa. Badala ya ukanda mmoja wa mkaa, mjenzi hupanga ngazi sita, kila moja ikipunguza sauti kwa kiasi chake: desibeli 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Mfano wake ni mizani ya muuza viazi, ambaye akiwa na mawe ya kilo hizohizo sita anaweza kupima uzito wowote kamili kutoka kilo 1 hadi 63 bila kuhitaji jiwe la saba. Rilei sita, kila moja ikiwa na hali mbili tu, ya kufunga au kufungua, hutoa hatua 64, na ya saba ikiongezwa huwa 128.

Kila ngazi ina resista mbili, yaani vipande vinavyokinza mkondo, moja ikiwa njiani na nyingine ikielekea ardhini. Ukinzani wa mfumo ukichaguliwa kuwa omu 10,000, ngazi ya desibeli 1 huhitaji omu 1,087 njiani na karibu omu 82,000 kuelekea ardhini, na ngazi ya desibeli 16 huhitaji omu 8,415 na omu 1,883. Hesabu hizo zimepangwa ili kila ngazi, iwe inafanya kazi au imerukwa, ionekane na iliyotangulia kama omu 10,000 zilezile, mradi ya mwisho iwe na resista ya omu 10,000 baada yake. Hapo ndipo uzuri wa ujenzi wa vipande ulipo: kwa kuwa hakuna ngazi inayomjua jirani yake, kila moja inaweza kuwa ubao mdogo unaochomekwa na kuchomolewa, na iliyoharibika hubadilishwa bila kulehemu upya mfumo mzima. Kwa spika mbili, rilei huwa kumi na mbili, na kushoto na kulia hulingana kwa kiwango cha usahihi wa resista zenyewe, jambo ambalo mkaa haukuwahi kulitimiza.

Fundi wa mji mdogo, aliyezoea kuchuna vipuri kutoka katika vyombo vibovu, anaweza kudhani kuwa rilei kubwa za stabilaiza au inveta zitamfaa. Hazifai. Vigusio vyake vya madini ya fedha vimeundwa kwa mikondo mizito ambayo cheche zake huchoma utando unaojijenga juu yake, ilhali mawimbi ya muziki ni dhaifu mno kuutoboa. Kinachohitajika ni rilei ndogo za mitambo ya simu, zenye vigusio vilivyopakwa dhahabu ndani ya kasha lililozibwa. Kasha hilo si anasa katika wilaya ambayo Mei 2023 Sebeya ilifurika na kuharibu nyumba nyingi. Koili, yaani ule waya uliozungushwa, ya rilei ya namna hiyo hula takriban miliwati 140, hivyo kumi na mbili hazifiki wati 2, na kwa nyumba ya sola zipo hata zile zinazobaki zilipoachwa baada ya mshtuko mmoja wa umeme. Sambamba na kila koili huwekwa dayodi, mlango wa mkondo wa upande mmoja, ili umeme unaorudi sumaku inapozimika usiiue transista inayoiendesha.

Linabaki tatizo la hatua ya 31 kwenda 32, ambapo rilei zote sita hubadilika kwa pamoja, na kila moja huchukua milisekunde chache kufika. Zile tano zikiachia kabla ya ya sita kushika, kwa kitambo hicho hakuna desibeli hata moja inayopunguzwa, na spika hupokea sauti yote. Mjenzi makini huamuru desibeli 32 ishike kwanza, ndipo tano nyingine ziachie, ili pengo lililo kati ya hatua hizo mbili liwe la ukimya.