Tom Wills, Mchezaji wa Kriketi na Mpira

Sisi wa Kyimo twaijua baridi ya mwezi wa Julai, ukungu unapotanda Rungwe na watu wakasogea karibu na moto. Nchi ya Australia nayo iko upande wa kusini wa dunia, na Julai kwao ni baridi vilevile. Baridi hiyo ndiyo iliyoleta mchezo tutakaousimulia.

Tom Wills alizaliwa Australia mwaka 1835, mwana wa mfugaji wa kondoo. Utotoni alicheza na watoto wa wenyeji wa nchi, watu wa Djab Wurrung, akajifunza lugha yao na nyimbo zao. Alipokuwa na miaka 14 alipelekwa Uingereza katika shule ya Rugby, akawa nahodha wa kriketi. Alirudi kwao mwaka 1856.

Kriketi huchezwa majira ya joto. Basi tarehe 10 Julai 1858 gazeti moja la Melbourne lilichapisha barua ya Wills, akiwashauri wachezaji waunde chama cha mpira, miili yao isilegee wakati wa baridi. Mwaka 1859 yeye na wenzake waliandika sheria kumi. Huo ndio mwanzo wa mpira wa Kiaustralia, ambao mchezaji huruhusiwa kuudaka kwa mikono.

Kisha msiba ukamfika. Alikuwa amekwenda na baba yake kufungua shamba huko Queensland. Mwezi wa Oktoba 1861, Tom akiwa safarini, wenyeji wa huko waliivamia kambi wakaua watu 19, na baba yake mmojawapo. Wazungu wakalipa kisasi, wakaua wenyeji wengi.

Miaka mitano baadaye Wills alikubali kufundisha kriketi kundi la wenyeji wa Victoria. Tarehe 26 Desemba 1866 aliingia nao uwanjani Melbourne, yeye akiwa nahodha, mbele ya maelfu ya watazamaji. Mwaka 1868 baadhi yao walikwenda kucheza Uingereza, timu ya kwanza kutoka Australia kufanya hivyo, lakini kiongozi wao alikuwa mtu mwingine.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Pombe ilimshinda, na mwaka 1880 alijiua, akiwa na miaka 44.

Wasikilizaji, hatusemi kwamba maisha yake yote yafaa kuigwa. Lakini mtoto aliyejifunza lugha ya jirani zake aliweza, hata baada ya damu kumwagika, kusimama upande mmoja na wenyeji uwanjani. Hilo tulikumbuke.