Usiku Usiokuwa na Upepo

Katika mwaka 582 wa Hijra, ambao kwa hesabu ya Miladia ni 1186, wanajimu wa Mashariki na wa Magharibi, watu ambao si ada yao kupatana, walikubaliana kuwa sayari zitakutana katika burji ya Mizani, na kwa kuwa Mizani ni burji ya upepo, basi itavuma dhoruba ya kung'oa majumba na kufukia miji mchangani. Waraka ulionasibishwa na Toledo uliieneza habari hiyo Ulaya. Na Imaduddin wa Isfahani, katibu wa Sultani Salahuddin, ameandika kwamba walikuwapo wafalme waliochimba mapango, wakayajaza maji na masurufu.

Sayari zikakutana kweli, maana hesabu yao ilikuwa sahihi. Usiku wenyewe ulipowadia, Imaduddin alikuwa ameketi na Sultani mahali pa wazi, mishumaa ikiwaka mbele yao, wala hapana ulimi wa moto uliotikisika. Ibn al-Athir, katika tarehe yake, anaongeza jambo ambalo kwangu lapita yote kwa ladha: upepo uliadimika hata wakulima wakachelewa kupepeta ngano na shayiri zao.

Aliyeaibika zaidi alikuwa Anwari, mshairi wa Khorasan aliyejisifu kwa elimu ya nyota; yasimuliwa kwamba huko Merv taa iliwashwa juu ya mnara, ikakosa hata pumzi ya kuizima, na washairi wenzake, ambao bila shaka waliingoja nafasi hiyo kwa hamu, wakamtungia beti za dhihaka.

Ungedhani utabiri ule ulizikwa hapo. Lakini Wamongolia walipoiteremkia Khorasan, wakaiangamiza Merv yenyewe mwaka 1221, wakatokea wa kusema kwamba upepo uliotabiriwa ndiye Genghis Khan, aliyepata ukuu wa kabila lake wakati wa mkutano ule wa nyota. Nao waraka wa Toledo ukaendelea kunakiliwa kwa karne kadhaa, wanakili wakigeuza tarehe na kuyaacha maangamizi palepale.

Mwaka 1499 Mjerumani Johannes Stöffler alichapisha takwimu iliyoonyesha mkutano mwingine, wa Februari 1524, katika burji ya Hutu. Yeye mwenyewe hakutaja gharika. Waliomsoma ndio waliokumbuka kwamba Hutu ni samaki na makao yake ni maji, na yasemekana mwanasheria mmoja wa Toulouse akajiundia safina.