Miche 62: Chimbuko la Mkonge wa Korogwe na Handeni

Kabla mkonge wa mashambani haujafika Tanganyika, neno "mkonge" lilikuwa tayari na mwenyewe. Lilikuwa jina la mmea wa porini wa jamii ya sanseviera, wenye majani manene yaliyochongoka kama mikuki, unaoota kwenye vivuli vya vichaka vya nyika, nao wenyeji walitoa nyuzi katika majani yake wakasokota kamba. Mmea mwingine wenye nyuzi ulipoletwa kutoka Amerika mwishoni mwa karne ya 19, ulirithi jina hilo na kulitwaa kabisa, hata leo mwenye jina la kwanza hahesabiwi tena anapotajwa mkonge.

Mmea huo mgeni, ambao wataalamu huuita Agave sisalana kutokana na Sisal, bandari ya Yucatán nchini Mexico iliyokuwa ikisafirisha nyuzi za jamii hiyo, una undugu wa mbali na vitunguu na klivia, lakini uzazi wake una desturi ya pekee. Huchanua mara moja tu katika maisha yake, kwa kutoa mlingoti mrefu unaopita kimo cha nyumba, kisha hufa. Mbegu zake ni adimu mno. Badala yake, maua yakishapukutika, vichipukizi vidogo vyenye majani huota juu ya matawi ya mlingoti, navyo vikianguka huwa miche kamili. Kwa kuwa vichipukizi hivyo, pamoja na maotea yanayotoka kwenye mizizi, havitokani na mbegu, kila mche ni nakala ya mama yake, na anayetaka kuanzisha shamba katika nchi nyingine hana budi kusafirisha mimea iliyo hai.

Hilo ndilo lililomkabili Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyeitumikia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikapitia Hamburg, na vingi vikaoza au kukauka njiani, kiasi kwamba mwaka 1893 ni miche 62 tu iliyofika ikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo michache ilizalishwa, kitalu baada ya kitalu, makumi ya maelfu ya mimea kabla ya karne kwisha. Wanahistoria wengi huanza kuhesabu mkonge kwa tani zilizopakiwa melini, ilhali kazi iliyoamua yote ilifanywa na mikono ya vibarua waliochambua vichipukizi, wakavipanda vitaluni na kuvipalilia, na ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Korogwe ilifaa kwa sababu mbili. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika huko mwaka 1902, na mito ya Pangani na Lwengera ilitoa maji mengi yanayohitajiwa na korona, yaani mtambo unaoponda majani na kuacha nyuzi, ambazo ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Ndiyo maana Magunga, Ngombezi, Hale na Magoma yakawa majina ya mashamba makubwa, huku Handeni, iliyo kavu zaidi na mbali na reli, ikibaki pembeni. Tena Uzigua, nchi ya Wazigua ilimo Handeni, ulikuwa umeumizwa na nzige na njaa katika miaka ile ile ya 1890 ambayo miche ya Hindorf ilikuwa ikitunzwa Pangani. Mashamba yalihitaji watu wengi kuliko waliopatikana jirani, hivyo wakaletwa kwa mikataba wafanyakazi kutoka Kigoma, nyanda za juu kusini na hata Msumbiji, wakaitwa manamba, kwa kuwa walitambuliwa kwa namba. Jina hilo la kumpokonya mtu utu wake ni doa ambalo historia ya zao hili haipaswi kulifunika.

Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani zipatazo 230,000, ikaongoza duniani. Miongo mitatu baadaye, kamba za plastiki zikiwa zimeteka soko, na mashamba mengi yaliyotaifishwa mwaka 1967 yakiwa yamedhoofika, uzalishaji ulishuka hadi takribani tani 20,000.

Utafutaji wa miche bora, hata hivyo, haukukoma. Watafiti wa vituo vya Amani na Mlingano, mkoani Tanga, walipandanisha aina mbili za agave, mojawapo ikiwa imepewa jina la Amani kwa kuwa ilitambuliwa kwanza katika bustani ya kituo hicho, na wakapata chotara Na. 11648. Mkonge wa kawaida hutoa majani 200 hadi 250 katika maisha yake. Chotara huyo hutoa takribani 600, naye ndiye anayepandwa zaidi leo katika mashamba ya Korogwe.