Pesa ya mafunzo ya kazi: listi ndiyo mlango wa wizi

Ndugu wasikilizaji wa Kalemie, na ninyi familia mliokimbia vita, mlio Katanika au mliofika kwa boti kutoka Uvira mwaka 2025: kila mradi mpya wa kufundisha vijana kazi unapotangazwa, watu wanauliza ule wa zamani uliishia wapi. Historia ina jibu.

Desemba 2003, baada ya vita kubwa, serikali ya mpito iliunda CONADER, tume ya taifa ya kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya raia. Mwaka 2004 Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 100. Ulikuwa msaada, si mkopo. Wafadhili wengine waliongeza karibu kiasi hicho hicho. Mpiganaji aliyerudisha silaha alipangiwa dola 110 za kuanzia, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Halafu yangefuata mafunzo na vifaa: kushona, useremala, kilimo, uvuvi. Sehemu hiyo ya mwisho iliachiwa mashirika washirika, kwa mikataba.

Watu kama 100 000 waliacha silaha. Lakini pesa iliisha kabla kazi haijawafikia wengi wao. Amnesty International ililalamikia ucheleweshaji na usimamizi mbaya, na mwaka 2007 serikali ikaweka ofisi nyingine mahali pa CONADER. Walioahidiwa kazi wakabaki na karatasi mkononi, na vifaa vilivyogawiwa bila mafunzo ya kutosha vikauzwa sokoni.

Pesa ya namna hii inapoteaje? Kesi iliyo wazi zaidi mashariki mwa Kongo haikuhusu mafunzo, bali msaada wa pesa kwa waliokimbia vita. Mwaka 2018 shirika la Mercy Corps liligundua udanganyifu ndani ya mradi wake lenyewe. Hasara ilipita dola 600 000. Wafanyabiashara, viongozi wa mitaa na wafanyakazi wa misaada walishirikiana: hesabu ya waliokimbia ikaongezwa, majina ya watu wasiokimbia yakaingizwa, kisha kila mmoja akachukua sehemu yake. Hakuna aliyevunja sanduku la pesa. Waliandika listi tu.

Mafunzo ya kazi ni rahisi zaidi kuibiwa. Mfuko wa unga usipofika, njaa inasema siku hiyo hiyo. Lakini masomo ya miezi sita yakifanyika kwa wiki tatu, ripoti inabaki nzuri: kuna sahihi, kuna picha, kuna vyeti. Mfadhili aliye Kinshasa au Ulaya anahesabu vyeti. Hamuoni kijana aliyepewa mashini ya kushona asiyejua kutia uzi.

Tangu mwaka 2021 nchi ina programu nyingine, P-DDRCS, na Tanganyika imo ndani yake. Safari hii jamii nzima imetajwa, si wapiganaji peke yao. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza. Listi isomwe kwa sauti mbele ya watu, kambini na mtaani. Idadi ya siku za mafunzo na vifaa vya kila mwanafunzi vitangazwe kabla ya kuanza. Na baada ya mwaka mmoja, mtu arudi kuhesabu waliopata kazi, si waliopewa cheti.

Anayeombwa pesa ili jina lake liandikwe, asinyamaze. Aliyekimbia Nyunzu au Manono bila kitu hana cha kulipa, na pesa hiyo ilitolewa kwa jina lake.