Mkengeuko wa Fokasi

Mpiga picha wa harusi mwenye kamera ya miaka kumi na zaidi akienda kwa fundi, mara nyingi husema neno moja tu: kamera hailengi vizuri siku hizi. Fundi naye hulipokea hivyo hivyo, akashika bisibisi. Lalamiko hilo limebeba matatizo mawili yasiyo na undugu, na yasipotenganishwa kabla ya kufungua bodi, pesa itatumika mahali pasipo na ubaya.

Kulenga ni kuchagua. Kati ya bibi harusi na shada la maua alilolishika mbele yake, kamera imshike nani? Fokasi ni habari ya umbali: ni pale ambapo miale ya mwanga iliyopita kwenye lenzi inakutana tena na kufanya taswira safi. Kamera yaweza kulenga jicho barabara, kile kimraba chekundu kikawaka juu ya jicho lenyewe, halafu picha ikitoka jicho lina ukungu na kipini cha nywele nyuma ya sikio kinahesabika meno. Hapo ulengaji hauna kosa lolote. Kilichokosea ni fokasi. Ndiyo maana naona tafsiri ya “ulengaji otomatiki” haitoshi kwa kamera za kioo, nami nashika neno ambalo wapiga picha wa Kariakoo na wa River Road wanalitumia tayari: fokasi otomatiki. Husema pia kufokasi, imefokasi, imetoka nje ya fokasi. Neno limekwisha kuota mizizi na linanyambulika bila shida.

Kwa kosa lenyewe napendekeza “mkengeuko wa fokasi”, na nitaeleza linatokea wapi, kwa sababu istilahi isiyoonyesha kitu kinavyofanya kazi haimsaidii fundi.

Mwaka 1985 Minolta walitoa kamera ya 7000, iliyoweka mota na vihisi vya fokasi ndani ya bodi ya kamera ya kioo, na mpango wa ndani wa kamera za namna hiyo haujabadilika sana tangu hapo. Kioo kikubwa kilicho nyuma ya lenzi hupeleka mwanga juu, kwenye tundu la kuchungulia. Lakini sehemu ya katikati ya kioo hicho hupitisha mwanga kidogo, na nyuma yake kuna kioo kingine kidogo kilichoinama, ambacho huuangusha mwanga huo chini kabisa, kwenye sakafu ya kamera. Huko ndiko kilipo kihisi cha fokasi. Hupokea taswira mbili za kitu kimoja, moja kutoka upande huu wa lenzi na nyingine kutoka upande wa pili, kisha hupima zimeachana kiasi gani. Kwa kipimo hicho kamera inajua lenzi izungushwe upande gani na kwa kiasi gani. Haibahatishi, na wepesi wake unatoka hapo.

Tatizo ni kwamba kipimo hufanyika sakafuni, ilhali picha hunaswa ukutani, kwenye kihisi kikubwa kilicho nyuma. Njia hizo mbili za mwanga lazima ziwe na urefu uleule. Chukua lenzi ya milimita 50, mtu amesimama mita 2 kutoka kwako. Njia zikitofautiana kwa milimita 0.03 tu, fokasi huhama kwa karibu sentimita 5 usoni pa mtu huyo. Kwa lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa hadi f/1.8 kwenye kamera ya fremu kamili, kwa umbali huohuo, eneo lote linaloonekana safi halizidi sana sentimita 6. Jicho na sikio haviwezi kuingia pamoja.

Sasa fikiria vioo vile viwili. Kila picha inapopigwa hupanda, hushuka, na kugonga vizuizi vyake. Kamera ya harusi hufanya hivyo makumi ya maelfu ya mara. Bawaba hulegea, kizuizi kidogo ambacho kioo cha nyuma hukiegemea huchakaa, pengine kamera imeanguka mara moja na kuokotwa bila alama. Kamera haijawa nzito wala haitafuti fokasi kwa kubabaika. Inafanana na mizani ya duka ambayo mshale wake hauanzii kwenye sifuri: inapima upesi, na kila mara inakosea kiasi kilekile.

Mkengeuko una pande mbili, na hapa tafsiri ya pupa inaleta hatari. Wenzetu wa Kiingereza huita kosa la fokasi kuangukia upande wa kamera “la mbele”. Mpiga picha wa Kiswahili akisema mbele, mara nyingi ana maana ya kule anakoelekea, yaani mbali zaidi. Watu wawili wanaweza kukubaliana kabisa na kurekebisha kinyume. Kwa hiyo tuseme mkengeuko wa karibu, fokasi inapoangukia upande wetu wa kitu, na mkengeuko wa mbali, inapokipita.

Kuupima hakuhitaji karakana. Weka kamera kwenye tripodi, chagua pointi moja ya fokasi, ile ya katikati, fungua lenzi hadi mwisho. Simamisha boksi lenye maandishi makubwa likielekea kamera sawasawa, na kando yake laza rula kwa mshazari, namba zikiongezeka kadiri zinavyokwenda mbali na kamera, alama ya 15 ikiwa sambamba na uso wa boksi. Fokasi kwenye maandishi kwa kuchungulia kwenye tundu, piga; zungusha ringi ya lenzi hadi mwisho ili ianze upya, fokasi tena, piga tena. Kisha piga kwa kutumia skrini. Katika kamera nyingi za umri huo, kwenye skrini fokasi hupimwa na kihisi kikubwa chenyewe, vioo vikiwa vimeinuliwa, kwa hiyo picha hiyo ndiyo shahidi wako. Kama ya skrini ni safi kwenye 15 na zote za tundu zimeangukia 18, huo ni mkengeuko. Kama za tundu zinarukaruka, hii 12, ile 19, usiuite mkengeuko. Huo ni mtawanyiko, na chanzo chake ni kingine: pini za dhahabu kati ya lenzi na bodi zimechafuka, mota ya lenzi imechoka, au kioo hakikai mahali pamoja. Safisha pini kwanza kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Fanya jaribio mchana, ulirudie chini ya taa za njano kama za ukumbini, kwa kuwa rangi ya mwanga nayo huweza kusogeza kipimo.

Mtawanyiko hauponi kwa namba. Mkengeuko huweza kupona. Canon EOS-1D Mark III na Nikon D3 na D300, zote za mwaka 2007, zilileta kwenye menyu marekebisho ya fokasi kwa kila lenzi, kutoka −20 hadi +20, na baadaye yakashuka kwenye kamera nyingi za daraja la kati. Zile za bei ya chini kwa kawaida hazina, na hizo ni lazima zifike kwa fundi. Kutoa hurudisha fokasi karibu. Kujumlisha huipeleka mbali. Lenzi zote zikikengeuka upande mmoja, chanzo ni bodi. Ikiwa ni lenzi moja tu, iache bodi.

Kamera zisizo na kioo hupima fokasi kwenye kihisi kilekile kinachonasa picha, kwa hiyo chanzo hiki cha mkengeuko hakimo. Lakini za kioo bado ziko nyingi kazini, na bado zinauzwa mitumba. Anayempelekea fundi kamera yake anaweza kuandika hivi kwenye karatasi na kuifunga kwenye mkanda: mkengeuko wa mbali, lenzi zote, pointi ya katikati, rula inaonyesha 18 badala ya 15, kwenye skrini iko sawa. Fundi akisoma hapo, anaanzia kwenye kioo kidogo.