Kutoka usaha wa bandeji hadi krimu ya uso

Kwenye maporomoko ya Wagenia, hapa Kisangani, vikapu vikubwa vya mfano wa pia huning'inia kwenye magogo yaliyofungwa kwa kamba za msituni, na nguvu ya maji ndiyo inayomsukuma samaki ndani. Ukimpasua dume aliyekomaa utakuta vipande viwili vyeupe, laini kama ubongo. Ni mbegu zake. Za samoni na trauti, samaki wa mito ya baridi, ndizo zinazotumika kutengeneza PDRN, dawa ya ngozi inayosifiwa siku hizi kila ukifungua simu. Ni ADN, yaani vinasaba, iliyosafishwa na kukatwakatwa.

Wa kwanza kuikamata ADN hakuwa na habari na urembo. Mwaka 1869, Friedrich Miescher, kijana wa Uswisi, alikuwa akifanya kazi katika jiko la zamani la ngome ya Tübingen, Ujerumani. Hospitali ya jirani ilimletea bandeji zilizolowa usaha. Zilizooza alizitupa, zilizobaki alizisuuza, akaziyeyusha chembe za usaha kwa kimeng'enya cha tumbo la nguruwe, akapata kitu cheupe chenye fosforasi. Akakiita nukleini. Mwalimu wake, Hoppe-Seyler, hakuamini mpaka aliporudia majaribio mwenyewe, kwa hiyo habari ikachapishwa mwaka 1871.

Miescher aliporudi Basel alihamia kwa samaki, kwani samoni walikuwa wakipanda mto Rhine kwa wingi kuzaliana. Joto huharibu nukleini, basi alianza kazi alfajiri ya majira ya baridi, chumba bila moto, madirisha wazi. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1895. Kwamba kitu kile ndicho kinachobeba urithi, Oswald Avery na wenzake walikuja kuonyesha mwaka 1944.

Waitalia ndio walioirudisha ADN kidondani: sindano iliyotokana na trauti, kwa majeraha yasiyopona upesi. Wakorea wakaipeleka usoni kwa samoni, na jina la sindano yao, Rejuran, likavuma.

Krimu ya PDRN, kwa maoni yangu, ni hadithi nyingine. Vipande vya ADN ni vikubwa, na ngozi nzima imeumbwa kuzuia vya namna hiyo visipite. Daktari wa Seoul analijua hilo. Ndiyo maana anashika sindano, akimchoma mteja usoni tone kwa tone.